Namba tasa iliyozaa

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo imezidi.

Umeuliza kwa nini programu ya stoo kazini kwenu inagota kwenye 2,147,483,647, na kama kweli sababu ni ile aliyokupa fundi, kwamba namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Kugota ni kweli. Utasa ni kweli. Hiyo "sababu" ndiyo ya kutupa.

Likumbuke bao la marehemu babu yako, mashimo 32. Programu nyingi huitengea namba moja nafasi 32 kama hizo, ila kila shimo lina kete moja au ni tupu. La kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, kila moja maradufu ya lililotangulia. Moja limewekwa kando la kuonyesha hasi. Ukiyajaza yale 31 yaliyobaki unapata 2 kwa kipeo cha 31, kasoro 1. Ndiyo namba yako. Hapo programu ya mzembe ikiongezewa moja huruka hadi hasi. Ya kwenu angalau inagota.

Utasa ni bahati tu. Bao la mashimo 16 lingeishia 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151.

Aliyethibitisha utasa wa namba yako ni mwanahisabati Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, karibu kipofu kabisa. Kutafuta kigawo ilitosha kufika kwenye kipeuo cha pili, kama 46,340. Lakini hakujaribu namba zote. Alijua kwamba kigawo chochote tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo hazifiki 400, na nyingi kati yake si tasa, unaziruka. Nimefundisha hisabati miaka mingi na bado hapo nasisimka: kazi ya miezi imekuwa ya siku chache, kwa kufikiri kwanza.

Na jina hili "tasa" sijawahi kulipenda, maana namba hii imezaa. Izidishe kwa 1,073,741,824, yaani 2 kwa kipeo cha 30, upate 2,305,843,008,139,952,128. Jumlisha vigawo vyote vya hiyo, isipokuwa yenyewe, jumla inarudi kuwa ileile, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba ya aina hiyo kubwa zaidi haitapatikana, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayehangaika kuzitafuta. Mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa, Lucas, alimwaibisha kwa kupata kubwa zaidi.

Kabla sijasahau. Programu nyingine huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa mashimo hayohayo. Bao litajaa 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, zitadhani ni Desemba 1901. Muulize fundi, tarehe za stoo zinatunzwa kwa mashimo mangapi?

Baba yako