Kabla hujaenda kupimwa sonona, panga maelezo yako

Mimi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha (depression), ilianzia kichwani na tumboni. Zahanati moja ilinipa dawa za taifodi, nyingine za vidonda vya tumbo, na mama mkwe akataka tuangalie kama kuna mkono wa mtu. Sishangai. Ukimwambia daktari mwenye foleni hadi nje kwamba kichwa kinauma, atatibu kichwa.

Sonona haina kipimo cha damu wala eksirei. Damu nilitolewa, lakini ilikuwa kuhakikisha kwamba si upungufu wa damu wala hitilafu ya tezi ya shingoni, maana hayo nayo humchosha mtu na kumnyong'onyeza. Kipimo chenyewe ni mazungumzo. Daktari anatafuta mambo 9: moyo mzito, kukosa hamu na vitu ulivyovipenda, usingizi kuvurugika, ulaji au uzito kubadilika, uchovu, kujiona hufai, akili kutotulia kwenye jambo moja, mwendo na maneno kuwa ya polepole mno au mwili kuhangaika hadi watu wanaona, na mawazo ya kifo. Yakitimia 5, karibu kila siku kwa wiki 2, na mojawapo likiwa kati ya yale mawili ya mwanzo, huku kazi na nyumba vimeyumba, ndipo anaanza kusema sonona.

Kwa hiyo usiingie ukasema "nina mawazo" ukanyamaza. Nani hapa mjini hana mawazo? Sema yanayotokea. Mimi nilisema naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, kikoba nimeacha kwenda, wateja wananipigia na simu naitazama tu ikiita mpaka inakata. Hilo la simu ndilo lililomfanya daktari aweke kalamu chini na kuniuliza vizuri. Kama unaogopa kusahau, andika kwenye karatasi, na umchukue mtu unayeishi naye, kwa sababu yeye ameona mengi ambayo wewe umeshayazoea.

Utaulizwa kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke, kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Jibu kweli, hata kama ni "natamani nilale nisiamke". Wengi wanaficha wakiogopa polisi, kwa kuwa sheria yetu Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa (Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha aina hiyo Januari 2025). Kuwaza si kujaribu. Na kama wazo limefikia hatua ya kupanga, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali leo na usiende peke yako.

Swali jingine linaonekana la ajabu: je, kuna kipindi ulikuwa hulali na huchoki, unaongea bila kituo, unatumia pesa hovyo, unajiona unaweza kila kitu? Watu hulijibu haraka haraka kwa kuwa kipindi hicho walijisikia raha. Lichukulie kwa uzito. Daktari anatafuta baipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu mno na kushuka chini mno kwa vipindi, na mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka kutoka chini kabisa hadi kileleni.

Dawa sasa. Nilianza na amitriptilini, kidonge cha usiku. Mdomo ulikauka, choo kikawa kigumu, na asubuhi nilikuwa kama nimelewa. Baadaye nikahamishiwa fluoksetini, ya asubuhi, ambayo mwanzoni ilinipa kichefuchefu na wasiwasi. Hapa ndipo wengi wanapoziacha: maudhi huja siku za kwanza, nafuu inaanza baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine hata 6. Amitriptilini ikizidi kipimo inaua, hugonga moyo. Mtu mwenye mawazo ya kufa asikae na pakiti nzima chumbani, amwachie mwenzake ampe kidonge cha siku.

Ukipata nafuu, endelea. Angalau miezi 6 tangu ujisikie mzima, kisha daktari apunguze polepole. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu na usingizi mbaya, na ugonjwa wenyewe hurudi kwa urahisi. Pombe weka kando. Maombi mimi niliendelea nayo, hayagombani na kidonge; lakini dawa za miti shamba mtajie daktari.

Mshauri nasaha naye alinisaidia, ingawa kazi alizonipa nilizidharau. Alitaka nipange jambo moja dogo kila siku na nilifanye hata kama sina hamu: kuoga kabla ya saa mbili, kumpigia mteja mmoja. Hamu ilikuja baada ya kufanya, kamwe si kabla.

Tarehe ya kurudi iandike ukutani, na dawa zifuate zikiwa zimebaki za wiki moja, kwa sababu kuna siku utaikuta famasi ya hospitali imeishiwa na itabidi utafute fedha ya kununua nje.