RAM ya seva "imeliwa" na peji kubwa: piga hesabu hizi kabla ya kugusa hugetlb_free_vmemmap

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: mkuu ana seva ya hospitali huko Iringa, RAM GB 64, ndani yake databesi ya PostgreSQL yenye shared_buffers (kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na michakato yake) ya GB 16, viunganisho vinafika 300 asubuhi, na Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye RAM) pembeni kwa ajili ya foleni ya wagonjwa. Alitenga peji kubwa 16384, yaani vipande vya kumbukumbu vya MB 2 badala ya vile vya kawaida vya KB 4. Tangu hapo `free -h` inamwambia RAM inakaribia kuisha, lakini akifungua `top` haoni programu inayoila. Anauliza kama akiweka hugetlb_free_vmemmap=on (mpangilio wa keneli, kiini cha Linux, unaopunguza RAM inayotumika kutunza taarifa za peji kubwa) atarudishiwa RAM yake.

Mkuu, utarudishiwa chenji. Fedha yenyewe iko kwingine.

Angalia mistari uliyobandika mwenyewe kutoka /proc/meminfo: HugePages_Total 16384, HugePages_Free 9884, HugePages_Rsvd 1900. Watu wengi wakiona Free wanadhani zote ziko huru. Hapana. Rsvd ni zile ambazo PostgreSQL imeshaahidiwa ila haijazigusa, kwa hiyo zinahesabiwa ndani ya Free lakini zina mwenyewe. Toa 1900 kwenye 9884, unabaki na 7984. Kila moja ni MB 2. Hiyo ni karibu GB 15.6 iliyokaa bure kabisa: ukishatenga kwa vm.nr_hugepages, programu za kawaida haziwezi kuichukua, keneli haiwezi kuitumia kuhifadhi mafaili yaliyosomwa kwenye diski, na haiendi swopu (sehemu ya diski inayosaidia RAM). Ndiyo maana `free` inaihesabu kama imetumika na `top` haioni mtumiaji. Siku mzigo ukizidi, keneli itaanza kuua programu huku GB 15 zimelala hapo hapo.

Kwa nini ulitenga 16384? Nadhani ulifuata ule ushauri wa "weka nusu ya RAM" unaozunguka kwenye magrupu. Mimi siupendi. PostgreSQL kuanzia toleo la 15 inakutajia yenyewe idadi inayoihitaji:

SHOW shared_memory_size_in_huge_pages;

Kwa mistari yako, peji zilizoguswa ni 6500, ukijumlisha na 1900 zilizoahidiwa unapata 8400. Amri hiyo inapaswa kukupa namba iliyo jirani na hapo. Weka 8500 upumue:

sysctl -w vm.nr_hugepages=8500

Kushusha hakuhitaji kuzima kitu, zile ambazo hazina mwenyewe zinarudi papo hapo. Kisha iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d ili isipotee seva ikiwaka upya. Kupandisha ndiko kuna shida: seva ikishakaa wiki kadhaa bila kuzimwa, kumbukumbu inakuwa vipande vipande, unaomba 8500 unapewa 6000 na hakuna anayekuambia kitu. Hapa Mbeya umeme wenyewe hutusaidia kuwasha seva upya, lakini usiutegemee kama mpango.

Kuna mtego mmoja umewahi kunisumbua kwenye seva ya SACCOS moja ninayoihudumia Mwanjelwa. huge_pages kwenye PostgreSQL kwa kawaida iko "try". Peji zikipungua hata kidogo tu, PostgreSQL haigomi, inawaka kimya kimya na peji za KB 4. Hapo unapoteza mara mbili: kumbukumbu uliyotenga imekaa bure, na databesi inakula nyingine. Weka "on". Ikishindwa, ishindwe kwa kelele uione. Toleo la 17 lina huge_pages_status inayokuambia ukweli bila kubahatisha.

Sasa usije ukasema basi nizime peji kubwa zote. Usizime. Kila mchakato wa PostgreSQL una majedwali yake ya peji (orodha ya kila peji iko wapi kwenye RAM; ndiyo mstari wa PageTables kwenye /proc/meminfo), na kila peji ya KB 4 inahitaji baiti 8 kwenye jedwali. GB 16 kwa peji za KB 4 ni MB 32 za jedwali kwa kila kiunganisho kinachozunguka shared_buffers nzima. Zidisha kwa 300: unakaribia GB 9.4, hakuna hata rekodi moja ya mgonjwa ndani yake. Kwa peji za MB 2, jedwali hilohilo linashuka hadi KB 64. Kwenye ile SACCOS, mstari wa PageTables ulikuwa unapanda hadi gigabaiti kadhaa kila mwisho wa mwezi wanachama wanapoulizia salio, nao walikuwa tayari wameshaagiza RAM Dar, ije na basi ipande Kitonga. Tulipotenga peji kubwa kwa kipimo, PageTables ikashuka hadi megabaiti na oda ikafutwa.

Turudi kwenye swali lako la hugetlb_free_vmemmap, maana ni kitu kizuri, tatizo ni kwamba wengi wanakinakili bila kujua kinapunguza nini.

Keneli ya Linux inatunza kadi kwa kila peji ya KB 4. Kwenye msimbo inaitwa struct page, na kwenye x86-64 ina baiti 64. Ni asilimia 1.6 hivi ya RAM yote. Kwa GB 64 yako, GB 1 nzima ni kadi tu. Ukiunda peji ya MB 2, kadi zake 512 hazifutiki. Ni KB 32, yaani peji 8 za kawaida. Chukulia stoo ya viazi pale Uyole inayouza kwa gunia zima, halafu karani ameandika kadi ya kila kiazi: ya kwanza ina maelezo ya gunia, na nyingine zote zimeandikwa "angalia kadi ya kwanza".

Muchun Song wa ByteDance aliona upotevu huo, na marekebisho yake yakaingia Linux 5.14 mwaka 2021. Kwa kuwa kadi za nyuma zinasema jambo moja, keneli inazielekeza anwani zake zote kwenye peji moja halisi, ya kusomwa tu, na peji nyingine zinarudi kwenye matumizi. Toleo la kwanza lilirudisha 6 kati ya 8, baadaye zikawa 7. Hiyo ni KB 28 kwa kila peji ya MB 2. Kwa peji za GB 1 ni tamu zaidi: kadi zake zinachukua peji 4096, inabaki moja.

Pigia hesabu seva yako. 8500 mara KB 28 ni kama MB 232. Linganisha na GB 15.6 za pale juu. Na si bure: kuunda na kuvunja peji kubwa kunakuwa kama mara mbili polepole, na siku RAM imebana unaweza kushindwa hata kuivunja, kwa sababu keneli inahitaji kwanza kutafuta kumbukumbu ya kurudishia zile kadi ilizoondoa. Kwa databesi inayotenga mara moja ikiwaka, hilo halina madhara. Mimi niliiwasha kwenye mashine ya GB 512 iliyobeba seva pepe pekee, na pale inalipa: RAM yote ikiwa kwenye peji za MB 2, unaokoa GB 7. Kwako weka ukitaka, ila isiwe ndiyo tiba.

Redis ni kesi nyingine, wengi wanachanganya. Yeye hagusi nr_hugepages. Anayemsumbua ni THP (Transparent Huge Pages), zile peji kubwa ambazo keneli inajipangia yenyewe tangu 2.6.38 ya mwaka 2011. Redis ikihifadhi data kwenye diski inajigawa mara mbili, na kila kinachobadilishwa wakati huo kinanakiliwa. Kwenye keneli za kabla ya 5.8, ukibadilisha baiti moja kwenye peji ya MB 2, zinanakiliwa MB 2 zote. Angalia /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled. Ikiwa imeandikwa [always], weka madvise, ili keneli iwape peji hizo wanaoziomba tu.

Na ukiamua kuiacha always kwa sababu zako, basi tazama max_ptes_none ndani ya saraka ya khugepaged (kazi ya keneli inayounganisha peji ndogo kuwa kubwa) hapo hapo. Kwa kawaida ni 511. Maana yake keneli inaruhusiwa kuchukua eneo lenye peji moja tu inayotumika na kulijaza hadi MB 2, yaani KB 4 zinageuka MB 2. Keneli 6.12 imeleta uwezo wa kuzivunja tena peji za aina hiyo RAM inapobana, lakini ukiacha 511 haivunji chochote, kwa sababu kwa kipimo hicho hakuna peji inayohesabika kuwa tupu mno. Ishushe kwanza.

Anza na 8500 na madvise. Kesho saa tatu asubuhi foleni ikiwa imejaa, bandika hapa mistari yote ya HugePages pamoja na PageTables tuone. Free ukitoa Rsvd ikiwa bado mamia mengi, tutashusha tena.