Nawinda steshen za mbali

Swali lenu la wiki hii mmeuliza una hobi gani ambayo nyumbani kwako wanaiona kichaa. Yangu mimi redio, ila sio hizi FM, nawinda steshen za nchi za watu kwenye AM, ile bendi watu wameisusa imebaki na mikwaruzo tu. Niko Tanga. Mchana hupati kitu cha maana kule, jua likiwepo kuna tabaka huko juu angani linameza mawimbi, sasa likishazama lile tabaka linapotea, mawimbi yanapanda yanagonga jingine la juu zaidi yanarudi chini mbali huko, ndo unashangaa saa tatu usiku Kiarabu kimejaa redio nzima.

Nilianza na masafa ya kilohezi 1413, BBC walikuwa wanarusha kutokea Oman, halafu 1431 ya Djibouti, Radio Sawa ya Wamarekani, kilowati 600 zile hata mtoto alikuwa anaipata. Utamu uko kwenye zile dhaifu. Antena ya AM ni kile kijiti cheusi humo ndani, kwa hiyo unageuza redio yenyewe, ukielekeza ncha ya kijiti kule steshen iliko inafifia, na chini yake unaweza kukuta nyingine inaongea Kihindi, hapo nywele zinanisimama jamani.

Shemeji aliniletea ya dijitali toka Marekani, nikaringa kweli, kumbe kule steshen zinapishana kwa 10 na huku kwetu kwa 9, sasa 1413 utaipataje na redio inaruka 1410 kwenda 1420? Wiki nzima naitukana, kumbe nyuma kuna kiswichi cha kuchagua 9 au 10.

Ugomvi wa nyumbani ni chaja. Chaja za simu, hasa hizi za bei chee, na baadhi ya taa za LED zinapiga kelele balaa kwenye AM, basi mi usiku napita chumba kwa chumba nachomoa, mama watoto ananiita mlinzi. Juzi nimenasa sauti ya mwanamke, lugha hata siijui, inakuja inazama kama bembea, nikasubiri saa sita kamili maana steshen nyingi zinajitaja saa ikigonga. Imebaki dakika moja binti yangu akachomeka simu yake.

Nimemnunulia pawabenki.