Jina Adimu la Kiskoti: Uliza Kwanza ni la Shamba Gani

Wanangu wawili wanaitwa Isbister. Hapa Edinburgh wakiandikishwa shuleni au kwa daktari, mtu wa mapokezi huomba jina lirudiwe herufi kwa herufi, kisha huuliza linatoka wapi. Ukivuka bahari kwenda Orkney, visiwa vilivyo kaskazini ya ncha ya Uskoti alikozaliwa baba yao, swali linabadilika. Wazee wa huko jina wanalijua vizuri. Wanachotaka kujua ni Isbister wa wapi.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikilifuatilia jina hili kwa ajili ya watoto. Wenzangu wengi wa Afrika Mashariki tulioolewa au kuoa huku tuna watoto wenye majina ya aina hii, na watoto wakishakua huanza kuuliza. Upande wa kwetu jibu lipo, bibi yuko kwenye simu na anataja vizazi bila kusita. Kwa upande wa pili pia watoto wanastahili jibu la kweli, na ndiyo maana nimeona niandike namna nilivyotafuta, kwa yeyote mwenye jina adimu la Kiskoti mikononi mwake.

Jambo la kwanza, kaa mbali na maduka ya nembo. Ukitembea Royal Mile, mtaa wa watalii hapa mjini, utakuta vikombe, funguo na fremu zenye “nembo ya ukoo wako”, na karibu kila jina lina kikombe chake. Kwa sheria ya Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja aliyepewa, si ya kila anayeshiriki jina naye. Inasajiliwa kwenye mahakama ya Lord Lyon, ofisa msimamizi wa nembo, hapa Edinburgh, kwenye rejesta iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1672, na kutumia nembo ya mwingine kama yako ni kosa. Tena habari za koo zenye machifu na vitambaa vyao vya tartani ni hasa za nyanda za juu za Uskoti na visiwa vya magharibi. Orkney haikuwa nchi ya koo hizo. Anayekuuzia tartani ya jina la Orkney anakuuzia kitambaa kizuri, basi.

Orkney ina historia yake. Ni visiwa kama 70, vinavyokaliwa ni kama 20, na jumla ya watu ni takriban 22,000. Kwa karne nyingi vilikuwa chini ya wafalme wa Norwei, na watu wake wakazungumza Kinorn, lugha ya asili ya Kinorwei iliyodumu mpaka karne ya 18. Mwaka 1468 Mfalme Christian wa Kwanza, aliyetawala Denmaki na Norwei, alikuwa anamwoza binti yake Margaret kwa Mfalme James wa Tatu wa Uskoti. Huko zamani mahari ilitoka kwa baba wa bibi harusi, na Christian hakuwa na fedha taslimu. Akaiweka Orkney rehani kwa florini 50,000, na mwaka uliofuata akaongeza Shetland kwa 8,000. Rehani haikukombolewa. Mwaka 1472 Uskoti ikavichukua visiwa moja kwa moja, na makarani wa Kiskoti wakaanza kuyaandika majina ya Kinorn kwa masikio yao wenyewe.

Majina mengi ya Orkney ni majina ya mashamba. Isbister, Linklater, Clouston, Marwick, Foubister, Corrigall, yote ni mahali unapoweza kufika kwa miguu ukasimama. Mtu aliyeishi Clouston akaitwa wa Clouston. Ardhi yenyewe ilishikwa kwa sheria ya kale ya Kinorwei iitwayo udal: shamba lilikuwa la familia bila hati ya mfalme, na baba akifa liligawanywa kwa watoto wote, mabinti wakiwemo. Kwa hiyo shamba moja lilikatwakatwa, nyumba zikawa kadhaa, na wote waliokaa juu yake wakabeba jina lake. Zamani mtu akihamia shamba jingine, aliweza kuchukua jina la huko.

Sasa angalia Isbister ni wapi. Ipo Isbister ya Birsay, magharibi ya kisiwa kikuu cha Orkney, yenye ziwa lake. Ipo ya Rendall, kisiwa hichohicho. Ipo ya South Ronaldsay, kusini kabisa. Ukienda Shetland, utaikuta North Roe na utaikuta tena Whalsay. Maana yake ni kwamba watu wawili wenye jina hili adimu, waliokutana Toronto au Sydney wakakumbatiana kama ndugu, huenda hawana tone la damu la pamoja. Na kinyume chake kinawezekana pia: ndugu wa baba mmoja wa karne ya 16, mmoja akabaki, mwingine akahamia ng’ambo ya kilima, leo wajukuu wao wana majina mawili tofauti. Watu wengi hudhani jina likiwa adimu basi wote ni familia moja. Kwa majina ya visiwani dhana hiyo itakupoteza mapema sana.

Pale South Ronaldsay lipo kaburi la mawe la kale, kubwa, lenye umri wa kama miaka 5,000, lililogunduliwa mwaka 1958 na mkulima Ronald Simison. Ndani yake ilitoka mifupa ya watu ipatayo 16,000, na mifupa ya tai wa baharini, ndiyo maana wengi wanaliita Kaburi la Tai. Kitaalamu linaitwa Isbister, kwa sababu ya mahali lilipo. Nimewaona watu wenye jina hilo wakiweka picha zake mtandaoni kama makaburi ya mababu zao. Mahali palikuwa na watu maelfu ya miaka kabla ya jina kufika na Wanorwei.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: unapozungumza na wazee, uliza shamba. Orkney mpaka leo mkulima anatajwa kwa shamba lake kuliko kwa jina la baba yake. Nilipomuuliza mama mkwe habari za babu yake, alianza na nyumba: iko upande gani wa ziwa, nani alipakana nao, na ng’ombe walinyweshwa wapi. Niliandika kila jina la nyumba alilolitaja, hata yale yaliyoonekana hayahusiani. Yote yalikuja kunifaa nilipofika kwenye sensa, kwa sababu katika parokia moja unaweza kukuta John Isbister watatu wenye umri unaokaribiana, na kinachowatenganisha ni jina la nyumba tu.

Baada ya wazee, nenda kwenye ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya kumbukumbu za Uskoti. Kutafuta kwenye faharasa ni bure, kuona picha ya waraka wenyewe unalipia, na ada ni ndogo. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855. Sensa zipo kila miaka kumi tangu 1841, na ya karibuni iliyofunguliwa ni ya 1921. Mtandaoni picha za vyeti vya kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, vya ndoa baada ya 75, na vya vifo baada ya 50.

Na hapa nina siri ninayopenda kumpa kila mtu. Tafuta ndugu yeyote, hata binamu wa mbali wa babu, aliyezaliwa mwaka 1855. Mwaka huo wa kwanza serikali iliuliza maswali mengi mno. Cheti cha kuzaliwa kinataja umri wa baba na wa mama, mahali alipozaliwa kila mmoja, tarehe na mahali walipooana, na idadi ya watoto wengine waliozaliwa nao, walio hai na waliokufa. Makarani walilemewa, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya maswali ikaondolewa. Tarehe ya ndoa ya wazazi ilirudishwa 1861. Cheti kimoja cha 1855 kinaweza kukuvusha mpaka mwanzo wa karne ya 19, kwa watu waliozaliwa kabla hata uandikishaji haujakuwepo.

Jambo jingine linalofurahisha mtu wa pwani: kwenye kumbukumbu za Uskoti mwanamke hapotei kwa kuolewa. Jina lake la kuzaliwa linaandikwa kwenye cheti cha mtoto, kwenye cheti cha kifo, na mara nyingi kwenye jiwe la kaburi, kama ambavyo kwetu mke hubaki binti wa baba yake. Usifuate wanaume peke yao. Mara nyingi mimi nimefunguliwa njia na bibi, kwa sababu jina lake lilikuwa adimu zaidi kuliko la mumewe katika kijiji hicho. Angalia pia mpangilio wa majina ya watoto. Waskoti wengi walimpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na binti wa kwanza la bibi mzaa mama. Si ushahidi, lakini inakuonyesha pa kuchungulia.

Tahajia isikuzuie. Isbister utaikuta Isbester, hasa Shetland, na utaikuta Isbuster. Kwenye kisanduku cha kutafutia weka kinyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo. Shetland ina ugumu wa ziada: mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 wengi hawakuwa na jina la kudumu. Mtoto wa Magnus aliitwa mwana wa Magnus, na binti vivyo hivyo, kwa hiyo jina linaweza kukatika ghafla ukirudi nyuma ilhali familia ni ileile.

Kabla ya 1855 unategemea vitabu vya kanisa, na hivyo vina mapengo. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa au maziko yaliyoandikwa, na wengi waliacha kuandikisha. Mwaka 1843 kanisa la Uskoti lilipasuka, na waliotoka walikwenda na watoto wao kubatizwa kwingine. Usipomwona babu kitabuni, usiharakishe kusema hakuzaliwa hapo.

Wengi wa walioondoka walipitia Stromness, bandari ya Orkney, na hiyo ndiyo sababu jina la mashamba machache liko Kanada. Meli za Kampuni ya Hudson’s Bay, ya biashara ya manyoya huko Kanada, iliyoanzishwa 1670, zilisimama pale kuchukua maji na vijana kabla ya kuivuka Atlantiki. Kisima chenyewe, Login’s Well, bado kipo barabarani, kimefungwa tangu 1931. Maandishi yake yanataja meli za kampuni kuanzia 1670 hadi 1891, meli za mvumbuzi Kapteni Cook 1780, na zile za Franklin, mvumbuzi wa Aktiki, 1845. Mwishoni mwa karne ya 18 karibu robo tatu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo huko Kanada walikuwa watu wa Orkney. Walizoea baridi na mashua, na mshahara ulizidi ule wa shambani kwao.

Kumbukumbu za kampuni ziko Winnipeg, na wametengeneza karatasi fupi za wafanyakazi wengi, kila mmoja na yake: parokia aliyotoka, kazi zake, vituo na miaka. Zinasomwa bure mtandaoni. Kama jina lako ni la Orkney, anzia huko hata kabla ya kulipia chochote.

Humo nilimkuta mtu niliyewasimulia watoto wangu zaidi ya wafalme wote. Alexander Kennedy Isbister alizaliwa 1822 Cumberland House, ndani kabisa ya Kanada, baba yake akiwa mtu wa Orkney na mama yake Mary Kennedy, binti wa mwanamke wa Kicree, taifa la wenyeji wa asili wa Kanada. Alipokuwa mdogo alipelekwa kusoma Orkney. Aliitumikia kampuni, akaiacha, akasoma Aberdeen na Edinburgh, akawa mwalimu na mwanasheria London. Kuanzia 1847 aliipelekea serikali ya Uingereza malalamiko ya watu wa Red River, makazi yaliyokuwa katika Manitoba ya leo, dhidi ya kampuni ileile iliyomwajiri baba yake. Alipofariki 1883 aliacha mali na vitabu vyake kwa Chuo Kikuu cha Manitoba, wasomeshwe vijana bila kujali jinsia, rangi wala imani. Kwa mwaka ule!

Leo Manitoba na Saskatchewan wako Wacree na Wamétis, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, wengi wanaoitwa Isbister. Mtoto wa rangi mchanganyiko mwenye jina hili si mgeni ndani yake, ana wenzake wa karibu miaka 200, na hili nimewaambia wanangu kwa msisitizo.

Ukifika mahali nyaraka zinakoma, acha pengo. Mtandaoni utapata miti ya ukoo iliyonyooka mpaka kwa majarl, watawala wa kale wa Kinorwei, na inavutia sana kuunganisha tawi lako hapo. Mimi mstari wetu nimeufikisha kwenye nyumba moja Birsay, na juu yake nimeacha nafasi tupu. Kwa hatua inayofuata naandikia maktaba na nyaraka za Orkney, zilizo mji mkuu wa visiwa, Kirkwall, taasisi iliyoanza 1683, ambako pia kuna chama cha historia za familia. Ukiwaandikia, usitume jina peke yake. Taja mtu mmoja, mwaka unaoujua, parokia, na nyumba. Nyumba hasa.