Bei ya mahindi Kibaigwa: tabiri msimu mzima, si mwezi mmoja

Mkuu, umesema una bei za jumla za mahindi kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma, mwezi kwa mwezi tangu 2008, na kila ukitabiri bei ya Januari kwa ARIMA (modeli inayotabiri namba ijayo kutokana na zilizotangulia) unaangukia pembeni. Mimi huwapigia hesabu hizi wakulima wanaohifadhi mahindi ghalani Kongwa, na ningekushauri uachane na Januari peke yake. Mkulima anachouliza ni auze Agosti au avumilie hadi Desemba. Hilo linajibiwa na umbo la msimu wote.

Panga data upya. Mwaka wa bei kwetu Dodoma unaanza Mei, mavuno yanapoingia sokoni na bei kulala, halafu unapanda hadi Januari na Februari, akiba zikiwa zimekwisha majumbani. Kwa hiyo kila mstari wa jedwali uwe msimu mmoja, Mei hadi Aprili. Andika bei kwa kilo, maana bei za gunia zikichanganyika na za lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, zinaharibu kila kitu. Ondoa athari ya mfumuko wa bei kwa fahirisi ya bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), kisha chukua logi (logarithm) ya kila bei. Hapo huna tena mlolongo wa namba, una mikunjo, yaani mistari ya grafu inayoonyesha bei ikipanda na kushuka, mmoja kwa kila msimu.

Njia yenyewe ni ile ya watakwimu Hyndman na Ullah ya 2007, walioitumia kutabiri vifo na uzazi kwa umri. Unalainisha kila mkunjo, unatafuta mkunjo wa wastani, halafu tofauti zinazobaki unazigawa kwenye vijenzi vikuu (principal components), yaani maumbo machache yanayoeleza sehemu kubwa ya tofauti hizo. Kila msimu unapata alama kwa kila kijenzi, namba inayoonyesha una kiasi gani cha umbo hilo, na alama hizo ndizo unazotabiri. Kwenye mahindi, kijenzi cha kwanza mara nyingi ni kimo: msimu wote uko juu au chini. Cha pili ni mwinuko: bei inapaa kuanzia Oktoba au inatambaa tu. Hicho cha pili ndicho pesa ya mkulima. Usiongeze cha tatu, misimu uliyonayo ni michache mno.

Angalia sana msimu wa 2017/18, baada ya serikali kuzuia mahindi kwenda nje. Msimu mmoja wa namna hiyo unaweza kuvuta kijenzi kizima upande wake. Piga hesabu ukiwa nao na bila yake, ulinganishe.

Sasa utamu wenyewe. Ikifika Septemba, tayari umeshaona miezi minne, Mei hadi Agosti. Tafuta alama zinazokaa vizuri na miezi hiyo bila kuziacha zikimbie mbali na utabiri wa awali, kisha chora miezi iliyobaki. Kwenye R, programu ya takwimu, kifurushi cha ftsa kina amri ya dynupdate kwa kazi hiyo. Rudia kila mwezi bei mpya inapotoka.

Pima kwa kuficha misimu ya mwisho, mmoja mmoja. Mshindani wa kulinganisha naye utabiri wako awe bei ya leo ukijumlisha ongezeko la kawaida kuanzia mwezi huu. Ukishindwa kumpita, tumia huyo huyo. Na mkulima mpe kiwango cha chini na cha juu, kisha mkae naye mtoe gharama ya ghala na kilo zitakazoliwa na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Bei ya Desemba ikiwa juu kwa kiasi kidogo tu, auze mapema.

Jedwali likiwa tayari liweke hapa, nitakuandikia msimbo wa R.