Kuzamia kwenye Majabali ya Shelisheli: Je, Ujuzi wa Malindi Unatosha?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni kijana wa Malindi, ninaendesha mashua ya kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari, na nina cheti cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi. Mjomba wangu anayefanya kazi Mahé amenialika Shelisheli mwezi wa Agosti. Nimeambiwa kwamba huko watu huzamia kwenye majabali ya granaiti, si kwenye matumbawe. Tofauti ni ipi, na je, mwezi huo unafaa?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Uliyoambiwa ni nusu ya habari. Visiwa vya ndani vya Shelisheli, yaani Mahé, Praslin, La Digue na jirani zake, ni vya granaiti yenye umri wa takriban miaka milioni 750, mabaki ya bara la kale lililopasuka likaziacha Bukini (Madagaska) na India mbali mbali. Lakini visiwa vya mbali kama Aldabra ni vya matumbawe. Hata huko Mahé matumbawe yapo, ila yameota juu ya jiwe ambalo hayakulijenga yenyewe.

Hapo ndipo jicho lako litakapohitaji kujifunza upya. Katika hifadhi zetu za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu mwaka 1968, mwamba wote ni kazi ya matumbawe, na mtu akielea juu yake kwa miwani tu huona changu na tasi wakipita. Kwenye granaiti, mzamiaji anayeogelea kwa haraka huona mawe makubwa kama nyumba na kudhani kwamba hakuna kitu, kumbe mikunga, kamba na chewa wamo nyufani na chini ya vivuli vya majabali. Chukua tochi, uende polepole, wala usiingie kwenye pango usiloona mwisho wake.

Matumbawe ya huko yamepata msiba mkubwa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe ya visiwa vya ndani, na kati ya miamba 21 iliyofuatiliwa na wanasayansi kwa miaka mingi baadaye, 12 ilirudi kwenye hali nzuri na 9 ikamezwa na mwani. Iliyopona kwa wepesi zaidi ni ile yenye kina na yenye mashimo na vichuguu vingi. Kwa hiyo usiguse wala usikanyage tumbawe changa, hata kama linaonekana dogo mno kustahili heshima hiyo.

Kuhusu cheti chako, kile cha kwanza kwa kawaida kina mpaka wa mita 18, na maeneo mengi mazuri karibu na ufuo yamo ndani ya kina hicho. Vilele vya majabali vilivyo chini ya maji mbali na ufuo ni jambo jingine. Shark Bank, upande wa kaskazini-magharibi wa Mahé, hushuka hadi mita 30 na zaidi, kwenye mkondo. Na meli ya mafuta ya Uingereza, Ennerdale, iliyozama mwaka 1970 baada ya kugonga jabali lisiloonyeshwa kwenye ramani, imelala kwenye kina cha takriban mita 30. Huko usiende kabla ya kupata mafunzo ya ngazi ya pili.

Mwezi wa Agosti, kwa maoni yangu, si chaguo la kwanza. Kusi huvuma huko kuanzia Mei hadi Septemba, bahari huchafuka na maji hupoa, ingawa papa shilingi huonekana zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Maji hutulia na kuwa angavu zaidi mwezi wa Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana. Mjomba akikubali, sogeza safari hadi Oktoba, na ukishapanga mbizi zako, acha saa 18 au zaidi kati ya mbizi ya mwisho na ndege ya kurudi, kwa sababu naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kutoa mapovu hewa inapopungua shinikizo angani.