Kuhamia kwenye mashua Lamu: panga kwanza yatakayotoka chomboni

Ndugu, umeuliza kama mtu anaweza kuhama nyumba ya kupanga akaishi kwenye mashua huku Lamu, kwa gharama ndogo na bila kuidhuru bahari. Orodha yako ya vifaa inaanza na sola, betri na tangi la maji. Mimi na mke wangu makazi yetu ni mashua ya mbao iliyoundwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, na jibu langu ni ndiyo, inawezekana. Ila orodha hiyo ningeianzia upande mwingine. Vya kuingiza chomboni utavipata kidogo kidogo. Yatakayotoka yapange kabla hujalala humo hata usiku mmoja.

Choo ndicho cha kwanza. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza meli kumwaga kinyesi ambacho hakijasafishwa karibu na nchi kavu, ila sharti hilo linahusu meli za safari za kimataifa za tani 400 na kuendelea, au zenye kibali cha kubeba watu zaidi ya 15. Mashua yako haimo, lakini usiione hiyo kuwa ruhusa. Mikondo kati ya Lamu, Manda na bara ni myembamba, watoto wanaogelea humo, na maji yanayotoka na kupwa hurudi na kujaa. Sisi tunatumia choo kikavu. Mkojo una chombo chake, na choo kikubwa kina ndoo yake yenye mfuniko. Kila ukimaliza unamwagia maranda makavu. Maranda hatununui, kwa mafundi wa Matondoni yako tele. Ndoo ikijaa inashushwa shambani, kilichomo kinafukiwa na kuachwa zaidi ya mwaka, kisha mbolea yake huenda kwenye minazi. Kwenye mboga hatuitii kamwe.

La pili ni nanga, na hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu madhara yake hayaonekani ukiwa juu. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kamba yako lazima ihesabiwe kwa kina cha maji yaliyojaa, angalau mara 5 ya kina hicho, la sivyo chombo kitaburura nanga usiku. Sasa kila mkondo unapogeuka mashua nayo inazunguka, na mnyororo unafagia chini. Pakiwa na nyasi bahari, unazing'oa, nazo ndizo malisho ya kasa, tasi na pono. Pakiwa na matumbawe, unavunja kitu kilichochukua miaka na miaka kukua. Tia nanga kwenye mchanga mtupu, na usikisie: maji yakipwa vaa miwani, zama, uone imelala wapi. Kama unakaa mahali pamoja miezi mingi, boya la kudumu lililofungwa kwenye uzito uliokaa mchangani ni bora kuliko kutupa nanga upya kila mara. Muulize kwanza mzee wa eneo na kikundi cha wavuvi wa pale, maana ndio wanaojua nyavu zinapita wapi.

Tumbo la chombo lina mambo yake. Rangi za kuzuia viumbe wasigande nyingi zina sumu ya shaba. Zile za bati, ambazo dunia ilizipiga marufuku kwa mkataba ulioanza kazi mwaka 2008, zilikuwa mbaya zaidi. Kwa mashua ya mbao mimi nashika njia ya wazee. Tunaipweleza wakati wa bamvua, tunakwangua, tunapitisha moto wa makuti chini ili kuua wadudu watoboao mbao, kisha tunapaka deheni ya chokaa na shahamu. Ni kazi ya kurudiarudia na inachosha mikono. Lakini sifikirii kuiacha. Kinachokwanguliwa tunakizoa kabla maji hayajarudi.

Kama una injini, maji ya ngama, yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo, yatakuwa na mafuta. Tandika kumbi za nazi zilizochambuliwa chini ya mashine, zinayanyonya vizuri, halafu zipeleke nchi kavu. Usitoe maji hayo kwa pampu mpaka uwe umeyaangalia.

Maji ya kunywa tunachota kwa mitungi ya lita 20. Maji ya Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mvua inanyonywa na mchanga ule, kwa hiyo tone unalomwaga ovyo lina mahali linapotoka. Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari, tunasuuza kwa kikombe cha maji baridi. Sola ndogo inatosha taa, simu na redio. Jokofu sikushauri, nunua samaki wa siku hiyo.

Taa zenyewe zizime mapema ukiwa karibu na fukwe wanakotagia kasa, kama zile za Manda na Kiunga. Vifaranga vikitoka mchangani usiku hufuata mwanga, na mwanga wa chombo chako unaweza kuvipoteza njia.

Kuhusu plastiki, mifuko ya kubebea ilikatazwa Kenya tangu 2017, lakini vifungashio vya biskuti na chupa bado zimejaa. Vitoe dukani, umimine vitu kwenye mikebe kabla ya kupanda. Kisichoingia chomboni upepo hautakipeperusha.

Usinunue mashua ukiwa umeiona wakati wa kaskazi tu, bahari ikiwa tulivu. Omba kukaa kwenye chombo cha mtu mwezi Juni au Julai, kusi likiwa kali na kila nguo ina unyevu. Ukienda Matondoni kukagua, nenda na fundi asiye na maslahi kwa muuzaji, maji yakiwa yamepwa, na aanze kugonga mbao za chini kabisa karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Bei msiizungumze mpaka amalize.